Octavian Sulle na Mabakuli Mawili ya Ngano

Baba Padre, wazee wetu shikamooni, na ninyi ndugu mliotoka Getanuwas na Haydom, mimi ni Belinda, mtoto wa kwanza wa marehemu, ukoo umenipa kazi ya kusoma maisha ya baba yetu, Octavian Sulle, nami nitayasoma yalivyokuwa, siyo yalivyopambwa.

Baba alizaliwa tarehe 14 Machi 1953 hapa Gehandu, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1962 hadi 1968, na mwaka 1974 akaajiriwa kuendesha kombaini kwenye mashamba makubwa ya ngano, huku akilima na lake. Tarehe 8 Julai 1978 alifunga ndoa na mama yetu, Yusta, wakajaliwa watoto wanne.

Baba alishuku mizani, alishuku utabiri wa mvua, lakini zaidi alimshuku yeyote aliyesema ngano ya nje inaishinda ya kwetu Hanang. Agosti 2017 mjomba Gervasi, mdogo wake mama, wakati huo wakala wa wanunuzi, alileta mabakuli mawili mbele ya wakulima, moja la ngano yetu na moja la ngano ya nje, wakatafuna punje kama tulivyozoea, kuona ipi itavutika kama bigijii, maana hiyo ndiyo bora kwa mkate. Baba alisifia la kwanza kuwa ndilo la Gehandu, la pili akalitema, akasema ni mabaki ya melini. Mjomba akatangaza kuwa lile alilolitema ndilo lililotoka shambani kwa baba, ngano iliyonyeshewa kabla ya kuvunwa. Baba akasema mjomba amebadilisha mabakuli, akamkataza kukanyaga kwetu, mama akakaa zaidi ya miaka saba bila kumkaribisha ndugu yake wa tumbo moja. Mjomba, upo hapo unanisikia, hata mimi mpaka leo sina hakika kama hukuyabadilisha.

Januari 2025 baba aliugua tumbo, akalazwa hospitali ya Haydom, akawa anakataa chakula, kila tonge anauliza unga umetoka wapi, tukachoka, na mama akalia. Tarehe 3 Machi mama alimwita mjomba bila kutuambia, akaja na basi, akaloweka mkate kwenye chai, akamnyooshea kijiko. Baba alimtazama sana, akafungua kinywa, akameza, hakuuliza kitu. Alifariki alfajiri ya tarehe 5.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, majirani waliotupikia, na wakulima wenzake waliochimba kaburi. Mjomba Gervasi, mama amekutandikia kitanda, leo usiondoke. Baba, pumzika kwa amani, mlango nimeufungua mimi, usimlaumu mama.