Leo Kipindi Hakikuanza na Ngoma

Wasikilizaji wapendwa, hamjakosea stesheni. Ni mimi, Goreth, na hiki ni kipindi chetu cha kumbukumbu. Ile ngoma mliyozoea kuisikia saa kumi kamili, ile inayowafanya wengine waruke kwenye viti, leo haikulia. Fundi wa mitambo hajasinzia. Nimeiondoa mwenyewe, na nitawaambia kwa nini. Mnivumilie kidogo.

Leo tunamkumbuka Dokta Fortunée Bahati. Fortunée ni bahati kwa Kifaransa, Bahati ni bahati kwa Kiswahili. Mwenyewe alikuwa akiwacheka wazazi wake: "Bazazi bangu balitaka kuwa na hakika." Alizaliwa Fizi, kule Kongo, akakulia hapa Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi, akafanya kazi yake mjini Lilongwe. Amefariki wiki iliyopita akiwa na miaka arobaini. Nasema tena, kwa aliyefungua redio sasa hivi: Dokta Fortunée Bahati, mtafiti wa mapigo ya moyo, binti wa hapa hapa kambini.

Turudi mwaka 2004. Wakubwa mnaikumbuka rimu ya lori iliyoning'inia kwenye nguzo nje ya kanisa letu. Ndiyo ilikuwa kengele. Aliyekuwa akiipiga ni Ezechiel, kaka yake Fortunée, kijana wa miaka ishirini na mbili mwenye mkono wa chuma. Akiipiga, unaisikia mpaka barabara kubwa. Mdogo wao alikuwa Annuarite, miaka kumi na tano, mwimbaji wa kwaya. Mi nilikuwa naimba naye bega kwa bega.

Annuarite alikuwa anaanguka. Rimu inalia, Annuarite chini. Baada ya muda mfupi anaamka, anashangaa, anakung'uta vumbi kwenye sketi. Mara ya kwanza tuliogopa. Mara ya pili tulisema ni Roho. Mara ya tatu tulipiga vigelegele. Nilimwonea wivu, wasikilizaji. Nilijiuliza kwa nini Roho ananiruka mimi. Mara ya nne Annuarite hakuamka, na sisi tuliimba nusu saa nzima juu yake, tukimngoja.

Fortunée alikuwa na miaka kumi na tisa. Yeye alisoma. Alipata nafasi chuo kikuu, akapanga chumba kimoja mtaa wa Chilinde, Lilongwe. Siku moja darasani mwalimu akataja, kwa kupita tu, kwamba ziko familia ambazo mtu akishtuliwa na sauti ya ghafla, ya simu au ya saa ya kuamsha, moyo unaweza kupoteza njia na kusimama. Wenzake waliandika, wakageuza ukurasa. Yeye alitoka nje akakaa kwenye ngazi mpaka wafagiaji wakamwomba asogee.

"Goreth," aliniambia miaka mingi baadaye, "nilisikia ile rimu tena. Pale pale kwa ngazi."

Lakini hakumwambia Ezechiel. Alikuwa anashuku tu, na mpigaji wa rimu alikuwa kaka yake. Unaanzia wapi kumwambia mtu neno kama hilo? Akaamua atafute kwanza ushahidi. Kuchelewa huko alikujutia mpaka mwisho wa maisha yake, wala hakulificha jambo hilo.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa njo kuna maajabu. Seli za moyo, alinifundisha, zina milango. Midogo mno. Chumvi inaingia, moyo unapiga. Potasiamu, hiyo iliyomo kwenye ndizi tunazokula, inatoka, moyo unapumzika. Unapiga, unapumzika, mara laki moja kwa siku, na wewe hata hujui! Mlango wa kutokea ukiwa mzito kufunguka, moyo unachelewa kupumzika. Ukishtuliwa wakati huo, unatetemeka badala ya kupiga. Mtu anaanguka.

Dokta Fortunée alitaka kuushika mlango huo ukifanya kazi. Mlango mmoja wa seli moja. Alikuwa anachukua sindano ya kioo ambayo ncha yake huioni bila darubini, anaigusisha kwenye seli, na umeme kidogo unaopita mlangoni unachora mstari kwenye kompyuta. Mstari ukipanda, mlango umefunguka. Ukishuka, umefungwa. Mi nimeuona mstari ule. Nilifanya ishara ya msalaba, na mi si Mkatoliki.

Shida ilikuwa kutikisika. Lori likipita nje, sindano inaruka, seli inapasuka. Meza za kazi hiyo zinatoka ng'ambo, na hakuna aliyemletea. Basi alikwenda soko la Tsoka, akanunua waya wa banda la kuku, akaifunika meza yake ili umeme wa taa usiingilie vipimo. Akawaomba vijana wa kabaza kule Kauma, wale wanaobeba abiria kwa baiskeli, mipira ya ndani ya baiskeli, yenye viraka, akaijaza upepo, akailaza chini ya bamba zito la jiwe. Meza ikatulia kidogo. Wageni wenye vyeo walikuja, wakainama, wakaona viraka. Mtu akimuuliza anafanya kazi gani, alikuwa anajibu: "Mi ni sentinelle. Nalinda milango."

Ndipo ukaja mwaka 2018. Jumapili moja rimu ikalia, na Carelle, binti wa Ezechiel, mtoto wa miaka kumi na moja, akaanguka. Akaamka. Kanisa likasema Haleluya.

Kesho yake Fortunée alishuka kwenye minibasi hapa Dzaleka, akaenda moja kwa moja kwenye cherehani ya kaka yake. Ezechiel mwenyewe ndiye aliyenisimulia.

"Yaya, kaka yangu, Annuarite hakuchukuliwa na Roho. Ni rimu njo ilimushitusha, moyo yake ikapotea. Na Carelle iko na ile ile."

"Ni mi njo nilikuwa napiga."

"Ni we. Na haukujua. Hata mutu moja hakujua."

"Uko na hakika?"

"Nusu."

Ezechiel alimaliza mshono uliokuwa kwenye sindano, akakata uzi. "Kwa mutoto wangu, nusu inatosha," alisema. Akaenda kanisani, akaikata kamba, akaibeba rimu begani.

Kelele zilizuka, wasikilizaji! Wazee wa kanisa walisema sayansi inamfukuza Roho. Walitaka rimu yao irudi kabla ya Pasaka, la sivyo Fortunée alete uthibitisho. Ezechiel alimpelekea dada yake rimu ile Lilongwe. "Weka chini ya meza yako," alimwambia, "ifanye kazi ingine." Ilikuwa nzito. Chini ya jiwe, kati ya mipira ya kabaza, ilituliza meza kuliko kitu chochote alichowahi kujaribu. Juu ya rimu ile ile Dokta Fortunée aliupima mlango wa familia yake, katika seli alizozitia urithi wa damu yao. Mstari haukupanda inavyotakiwa. Mlango mzito, herufi moja tu iliyokosewa katika maandishi ya urithi ndani ya damu. Ilikuwa kwa Carelle, kwa Ezechiel, na kwake mwenyewe.

Alikuja kanisani na karatasi mbili, mstari wa mlango mzima na mstari wa mlango mzito. Mzee mmoja aliziangalia moja baada ya nyingine, akauliza: "Basi siku ile tulikuwa tunaimbia maiti?" Rimu haikurudi. Siku hizi Ezechiel anazunguka blok kwa blok akiimba, anaanza chini, anapandisha polepole, na watu wanatoka kwenda ibadani. Carelle anameza kidonge kila asubuhi. Miaka saba hajaanguka. Na zile karatasi mbili leo zinasomwa na madaktari wa nchi ambazo sisi hatutapata viza kuziona.

Sasa niseme langu. Mwaka 2019 Dokta Fortunée alikuja hapa studio. Akaniomba niondoe ngoma. Nikamjibu, "Ngoma njo alama yetu, Dokta." Alisema zikomo, yaani asante, akaondoka. Miaka sita Carelle amekuwa akifungua redio dakika moja baada ya saa kumi, asubiri ngoma yangu ipite. Miaka sita hajanisikia nikiwasalimu. Naona aibu, na aibu hiyo ni haki yangu.

Kansa ndiyo iliyomchukua Dokta Fortunée. Ezechiel alikuwa amemshika mkono. "Moyo yake njo ilinyamaza mwisho," aliniambia. "Ilipiga muzuri mpaka mwisho."

Kwa familia ya Bahati, kwa kanisa, kwa wenzake wa maabara na vijana wa kabaza: poleni. Tumelia nanyi. Wasikilizaji wapendwa, sitawaomba dakika ya ukimya. Mshike aliye karibu nawe kwenye kifundo cha mkono, vidole viwili, usikilize moyo wake. Na ujiulize ni nani tunayempigia vigelegele wakati anatuhitaji tumwinue.

Carelle, jana nilikuja mwenyewe kwenu kukuambia ufungue redio saa kumi kamili. Najua umefungua. Habari za jioni, mwanangu. Baba yako yuko hapa mbele yangu, ameshika kipaza sauti kwa mikono miwili. Usizime. Anaanza chini.