Mama Mbu Anakabidhi Ufunguo

Tarehe 30 Juni 2025, baada ya miaka ishirini na mmoja ya utumishi katika kituo chetu cha utafiti wa malaria hapa Babati, Bi. Jovita Romani, Mkuu wa Nyumba ya Mbu, anastaafu rasmi. Jina hilo wengi mjini hawalijui. Wanamjua kama Mama Kindness, na watoto wa kijiji cha Mutuka wanamwita Mama Mbu, naye huitika bila kinyongo. Niliyepewa kazi ya kuandika wasifu huu ni Najma wa maabara ya vinasaba. Natahadharisha mapema kwamba leo nitajisifu kwa niaba yake, maana mwenyewe hajui kujisifu.

Bi. Jovita ni mzaliwa wa Sigino. Alianza kazi kama mteknolojia wa maabara katika zahanati, akitafuta vimelea vya malaria kwenye damu za wagonjwa. Mwaka 2004, mkoa wa Manyara ukiwa bado mchanga na ofisi nyingi zikiwa kwenye nyumba za kupanga, kituo chetu kilifunguliwa kikiwa na vyumba vitatu na jokofu moja linalonguruma. Akaajiriwa kufuga mbu. Mama yake mzazi alipopewa habari hiyo aliuliza kama serikali imeishiwa ng'ombe.

Ndugu wasomaji, msicheke. Kufuga mbu ni kazi ngumu kuliko kufuga kuku wa kizungu, na mbu wetu walikuwa wa aina mbili. Wa kwanza ni mbu wa ziwani, anayezaliana kwenye matete ya Ziwa Babati na kupenda kulala ndani ya nyumba za watu. Wa pili ni mbu wa madimbwini, anayezaliana hata kwenye maji yaliyotuama katika nyayo za ng'ombe, na ambaye hushinda huko huko zizini. Huyu wa pili hana makuu, ukimwekea beseni la maji anashukuru. Wa ziwani ana maringo! Ukimfungia kwenye kizimba kidogo hajamiiani, na baada ya vizazi viwili anakwisha. Bi. Jovita alimtengenezea kizimba kikubwa, akatundika kanga nyeusi upande mmoja ili mbu aone kitu kama ukingo wa mbingu jioni, na kila siku akawa anapunguza mwanga taratibu kwa mkono wake mpaka chumba kiingie giza. Mbu wakakubali kuoana. Tulimtania kwamba amekuwa mshenga.

Sasa tufike mwaka 2011, mwaka ambao wote tuliokuwepo hatutausahau. Vyandarua vilikuwa vimesambazwa, mbu wa ziwani walikuwa wamepungua sana, na malaria ilikuwa imeshuka. Kisha ikaanza kupanda tena, hasa kwenye kaya zenye mifugo. Mkurugenzi wetu, Dk. Ludovick, akaweka swali mezani. Kimelea cha malaria kikiingia kwenye tumbo la mbu hakipokelewi kwa shangwe, kwa sababu mwili wa mbu hupambana nacho na kukiua. Ili kiishi, lazima kijue kujificha kwa mbu wa aina ile. Je, kimelea chetu cha Babati, baada ya kukosa mbu wake wa ziwani, kimebadilika katika jeni zake na kujifunza kujificha ndani ya mbu wa madimbwini?

Jibu lilihitaji mbu wa aina zote mbili. Tulikuwa na vimelea vya mwaka 2004, ambavyo Bi. Jovita alivigandisha kwenye jokofu lile la kwanza, na tulikuwa na vimelea vipya. Mpango ulikuwa kuwalisha mbu wa ziwani na wa madimbwini damu yenye vimelea vya zamani na vipya, kisha kuona vimelea vipi vinaishi ndani ya mbu yupi. Bila mbu wa ziwani hakuna kulinganisha, na bila kulinganisha hakuna utafiti. Wafadhili walikuwa wametupa hadi mwisho wa mwaka. Tukishindwa, wangejitoa na nyumba ya mbu ingefungwa.

Na hapo ndipo alipoingia Damasi. Damasi alikuwa mlinzi mpya, na kibanda chake kilikuwa kimeegemea ukuta wa nyumba ya mbu, chini kidogo ya dirisha la kupitisha hewa. Alikuwa anaumwa na mbu kama sisi wote. Akanunua dawa ya kupulizia, ile ya kopo, akapuliza kibanda kizima kwa moyo mkunjufu, akabakiza, na hicho kilichobaki akakimalizia dirishani. Jamani! Mlinzi wa nyumba ya mbu! Asubuhi Bi. Jovita alifungua mlango akakuta sakafu ya vizimba imejaa mizoga. Mbu wa madimbwini walisalia wachache pembeni. Wa ziwani walikuwa wamekwisha wote.

Kituo kizima kilitaka Damasi aondoke siku hiyo hiyo, nami nikikumbuka bado damu inanichemka. Bi. Jovita alikaa kwenye ngazi akalia, akajifuta uso, kisha akaenda kwa Dk. Ludovick kuomba jambo moja: Damasi asifukuzwe, bali akabidhiwe kwake afanye naye kazi. Alisema aliyewamaliza ndiye atakayewatafuta. Wengine walidhani ni adhabu.

Wakaanza kuzunguka alfajiri, yeye mbele na tochi, Damasi nyuma na mrija wa kufyonzea mbu, nyumba hadi nyumba kando ya ziwa. Wenyeji walishangaa. Kwa miaka kadhaa tumewahubiria wafukuze mbu, leo Mama Kindness anabisha hodi, anasalimia vizuri, halafu anaomba mbu kama anayeomba chumvi. Bibi mmoja aliona aibu kabisa kumwambia mgeni kwamba hana. Vyandarua vilikuwa vimefanya kazi yake. Wiki zikapita, wakawa wanarudi na vikombe vitupu, na Dk. Ludovick akaanza kuandika barua ya kuwaeleza wafadhili kwamba tumeshindwa.

Mwishowe, wakiwa wamekaa kando ya njia wanakunywa chai, Damasi alimweleza Bi. Jovita jambo alilokuwa akilificha: nyumbani kwa mama yake mbu wamejaa. Hakutaka kusema, maana mama yake alikuwa amechukua vyandarua vya msaada akafunikia kitalu cha sukuma wiki ili kuku wasidonoe. Mtu aliyeajiriwa na kituo cha malaria, angeanzaje kuyasema hayo?

Bi. Jovita alicheka mpaka chai ikamwagika. Wakaenda. Mama Damasi alipowaona alijua mwanawe amemchongea, akaanza kujieleza kuhusu kuku kabla hata ya kukaribisha. Bi. Jovita alimwamkia shikamoo, akasifu sukuma wiki, ambayo kwa kweli ilikuwa imestawi, akaomba kuona chumba cha kuhifadhia mahindi. Ukutani, nyuma ya magunia, mbu wa ziwani walikuwa wametulia, matumbo yamejaa damu. Walivuna vikombe kadhaa. Jioni ya siku hiyo Bi. Jovita alirudi na vyandarua vipya, akavitundika vitandani kwa mikono yake, na kwa ajili ya kitalu akaleta wavu wa kuku. Hakumsema mama wa watu hata kidogo.

Mbu wale walitaga. Mayai meusi madogo kama punje za ulezi yalionekana kwenye karatasi mbichi, yakawa viluwiluwi, vikawa mbu. Kanga nyeusi ikatundikwa tena, mwanga ukapunguzwa tena, safari hii na Damasi, aliyefundishwa kugeuza swichi kwa upole kama anayemfunika mtoto. Bi. Jovita akaweka utaratibu mpya: hakuna kupuliza kitu chochote, na hakuna manukato. Mimi nimezaliwa katika nyumba ya wafanyabiashara wa marashi hapo sokoni, na nilirudishwa nyumbani kuoga zaidi ya mara moja. Akaweka pia kwamba kila asubuhi, kabla ya salamu nyingine yoyote, anayefungua nyumba ya mbu atoke mlangoni atangaze kama wako hai. Miaka kumi na minne mtangazaji alikuwa yeye mwenyewe. Tunasimama uani na vikombe vyetu vya uji, tunamsubiri. Wako hai, anasema, na siku inaanza.

Jaribio likafanyika kabla mwaka haujaisha. Vimelea vya 2004 vilistawi ndani ya mbu wa ziwani, lakini ndani ya mbu wa madimbwini vilikufa karibu vyote. Vimelea vipya vilistawi kwa mbu wa madimbwini kama viko kwao. Niliposoma jeni zao nikaona badiliko lenyewe, dogo, kwenye protini iliyo juu ya mwili wa kimelea, ile inayokisaidia kujificha. Nilipiga kelele hadi fundi wa jenereta akaja mbio akidhani moto umewaka. Kimelea kilikuwa kimehama nyumba, na sisi tumekikamata! Wafadhili wakabaki. Kazi ikaelekezwa kwenye madimbwi na mazizi, huko ambako chandarua hakifiki, na kaya tulizozifuatilia Mutuka zikaanza kupumua. Dk. Ludovick aliichana ile barua mbele yetu sote, tukashangilia mpaka majirani wakauliza kuna harusi gani.

Mengine ya Bi. Jovita mnayajua: mafunzo aliyowapa vijana wa vyuo, tuzo ya mfanyakazi bora aliyoishika juu chini, na zawadi aliyoomba tulipotaka kumchangia ya kuagia, ambayo ni chandarua cha duara, cha rangi ya waridi. Kwake nyumbani hataki kumsikia mbu hata mmoja.

Mama Kindness, asante. Asante kwa mbu, kwa subira, na kwa kumbakiza mtu ambaye sisi wengine tungemtupa. Damasi alirudi shule, akasomea maabara, na leo ufunguo wa nyumba ya mbu unapita kutoka mkononi mwako kwenda mkononi mwake. Mungu akupe afya, akupe wajukuu, na siku nyingi za kukaa bila haraka.

Tunajua kwamba tarehe mosi Julai utaamka mapema kama kawaida, utakaa kitandani ndani ya chandarua chako cha waridi, na moyo utakusumbua. Usivae viatu. Simu yako italia. Ni Damasi, amesimama mlangoni na sisi tuko uani, na anataka wewe uwe wa kwanza kusikia: wako hai.