Bi. Gobnait Hurley, Msomaji wa Majina

Tarehe 30 Novemba Bi. Gobnait Hurley anastaafu baada ya kuitumikia Ofisi ya Usajili ya chuo chetu hapa Cork kwa miaka thelathini na minne. Kwa miaka ishirini na sita kati ya hiyo, yeye ndiye aliyesimama jukwaani kila mahafali na kusoma majina ya wahitimu, pembeni yake glasi ya maji ambayo hakuna aliyethubutu kuigusa.

Kabla ya kuja kwetu aliuza viatu katika duka moja London. Jina Gobnait lilimshinda mwenye duka, akampachika jingine: Betty. Binti wa miaka kumi na tisa, tena mgeni, akakubali yaishe. Siku moja baba yake akapiga simu kumuulizia Gobnait, akajibiwa kwamba hapo hakuna mtu wa jina hilo. Mzee alikaa siku nne akiamini mwanawe amepotea, mpaka barua ya binti ilipofika. Kisa hiki alitusimulia mara moja tu, na hakucheka.

Basi kila Oktoba, sisi tukinywa chai, yeye hupiga simu. Kila mhitimu, na huwa mia nane na ushee, huombwa atamke jina lake mara tatu, taratibu, naye huliandika daftarini kwa alama anazozijua mwenyewe. Tulimtania sana.

“Gobnait, unasajili wahitimu au unafundisha kwaya?”

“Kwaya ingekuwa na adabu kuliko ninyi,” hujibu bila kuinua kichwa.

Mwaka mmoja alisoma jina la kijana wa Sri Lanka, refu ajabu, bila kuvuta pumzi. Ukumbi ukampigia makofi yeye, mhitimu akasahaulika.

Lakini mimi simsahau Żaneta Szczygieł, muuguzi kutoka Poland, aliyejiandikisha “Jane”.

“Soma vyovyote tu, mama,” alisema kwenye simu. “Mimi nimeshazoea.”

“Wewe umezoea, sawa. Na anayekuja kukusikiliza je?”

Binti akaeleza kwamba anayekuja ni mama yake, na mama yake haoni. Siku hiyo angemjua mwanawe kwa sikio tu.

Wiki mbili nzima Bi. Gobnait alipitia kwa Bwana Mirosław, Mpolandi anayeuza mikate sokoni, akinunua mikate asiyoihitaji ili asahihishwe matamshi. Ofisi yote tulinenepa.

Siku ya mahafali watu waliombwa wasishangilie hadi mwisho. Jina liliposomwa, mwanamke mwenye fimbo nyeupe alisimama peke yake katikati ya ukumbi, akapaza sauti kwa Kipolandi: “Huyo ni wangu! Jamani, huyo ni wangu!” Hakuna aliyemnyamazisha. Bi. Gobnait, aliyetufokea miaka yote kwa kupoteza muda, alivua miwani akaifuta, akangoja mama yule amalize.

Bi. Gobnait, daftari umeniachia mimi, na nakiri naogopa. Sote tunakushukuru kwa kazi yako, kwa ukali wako na kwa mikate. Tutakukumbuka mno. Ukapumzike kwa afya na furaha, ulale hadi jua lipande. Leo asubuhi nimepiga simu yangu ya kwanza, na mhitimu amelazimika kurudia jina lake mara saba. Bado sijalipata. Kwa hiyo nenda salama, dada yetu, ila tafadhali usizime simu.

Diarmuid, Ofisi ya Usajili