Raketi Kumi na Mbili za Wageni

Baada ya miaka ishirini na tisa ya kuwafundisha tenisi watoto wa shule yetu ya msingi, Mwalimu Kibao anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe thelathini Novemba, akiwa na magoti mabovu na sauti nzima.

Jina hilo alilipata kihalali. Mwaka wake wa tano kazini, shule ililetewa raketi kumi na mbili mpya. Mimi, mtunza stoo na mwandishi wa wasifu huu, nilizipokea, nikazihesabu, nikazifungia. Kitu kizuri hakitolewi hovyo. Ni cha wageni. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na mwenyeji wetu alisubiri sana kupona. Mwalimu hakubishana. Alikwenda kwa fundi seremala, akaomba mabaki ya mbao, akachonga vibao thelathini vyenye mishikio. Wavu ulikuwa kamba ya kuanikia ya mkewe, na shemeji yetu huyo ameanika nguo juu ya viti miaka yote hii bila kununa sana.

Kwa vibao hivyo watoto walijifunza yote ya mwanzo: kutembeza mpira juu ya kibao bila kuuangusha, kukunja magoti, kugeuza bega, kuupiga mpira ukishadunda mara moja. Kila muhula aliandika barua kuomba raketi. Kila muhula nilimjibu kwamba ombi linashughulikiwa. Jibu hilo nilikuwa nimelichongea mhuri.

Wakaguzi walipokuja, raketi zilitoka. Mtoto wa darasa la pili aliigeuza yake mara mbili, akairudisha kwa adabu mbele ya mkaguzi, akisema hii imetobokatoboka, apewe nzima. Mwalimu mkuu alikohoa. Mkaguzi aliandika kwamba vifaa vinatunzwa vizuri.

Wiki hii tulimuuliza Mwalimu Kibao anataka zawadi gani. Alitaka stoo ifunguliwe, watoto wazichezee raketi hata siku moja akiwa bado yupo. Nikafungua. Panya walikuwa wamenitangulia: nyuzi za raketi tisa zimeliwa, zimebaki fremu. Niliona aibu, na ninaiona hadi sasa. Yeye hakunilaumu, alichukua tatu zilizosalia, akatoka nazo, na foleni ya watoto ikafika langoni.

Asante, Mwalimu. Tunakutakia mapumziko mema, afya tele na magoti yatakayokusamehe. Ndani ya boksi lako la zawadi kuna kufuli la stoo. Ondoka nalo, maana sisi wenyewe hatujiamini.