Raundi Thelathini za Sista

Benchi letu limeegemea ukuta wa nje wa bwawa la kuogelea, kati ya kibanda changu cha kushona viatu na duka la Kinyozi. Ukikaa pale unasikia maji yakipigwa upande wa pili, na harufu ya dawa ya bwawa unaikuta mpaka kwenye kahawa ya Mama Birika. Jumamosi ile gumzo lilikuwa moja tu: Sista, nesi wa zahanati, dada mkubwa wa Kinyozi. Alianza kuogelea baada ya kupasuliwa goti, akanogewa. Alasiri hiyo angevuka ziwa na wenzake, ng'ambo hadi ng'ambo, kilomita moja na nusu. Kinyozi alikuwa amekitoa kiti mlangoni ili anyoe huku anajisifu.

— Dada yangu hupiga raundi thelathini kila asubuhi kabla ya kazi. Ziwa lile kwake ni kikombe.

— Raundi thelathini ni mita ngapi? akauliza Wakili. Tunamwita Wakili ingawa mahakamani aliingia mara moja tu, tena kama shahidi, na alichelewa.

— Kilomita na nusu. Kasema mwenyewe.

— Taratibu, bwana. Bwawa hili ni mita ishirini na tano. Mara thelathini, mia saba na hamsini. Hiyo ni nusu ya ziwa.

— Raundi ni kwenda na kurudi! Wewe ukienda sokoni usirudi, hiyo ni raundi?

— Wengine kwenda ni raundi, kurudi ni raundi nyingine. Kamba hukatikia pabovu.

— Kamba imeingiaje hapa?

— Utajua ikikatika.

Kifaru, muuza matairi, mwembamba kama mwiko, akaweka kikombe chini.

— Mnasahau jambo. Sista haendi mstari ulionyooka, nimemwona. Anapinda kama gari lililogongwa. Kwa hiyo bwawa ni ishirini na tano, yeye anaogelea arubaini. Mtaka cha uvunguni sharti ainame.

— Uvunguni anatafuta nini, Kifaru?

— Umbali.

— Umbali gani! Wakili akasimama. Maji ya bwawa yana dawa, yamekaza, yanakubeba. Ya ziwani ni malegevu. Kila mita moja kule ni mita na robo.

— Na ukuta je? nikachomekea na mimi. Hapa kila akifika mwisho anausukuma kwa miguu, anapata nguvu. Kule katikati ya ziwa atasukuma nini?

Wallahi nilitaka kuwachekesha tu. Hakuna aliyecheka. Wembe wa Kinyozi ulisimama hewani.

— Fundi, usinitanie.

— Sikutanii.

— Dada yangu ana goti moja zima, we! Waandaaji walimuuliza kama anaumudu umbali, akasema anauogelea kila siku. Kama amekosea hesabu...

Akaushusha wembe. Mteja wake, mgeni kabisa kijiweni, shavu moja limenyolewa na jingine limejaa povu, akageuza shingo.

— Samahani, wakubwa. Kwani yeye mwenyewe raundi anaihesabu vipi?

Wakili akamtazama Kifaru. Kifaru akachungulia kikombe chake. Kinyozi ndiye aliyepauka zaidi, maana naye hakujua. Akapapasa mifuko ya aproni, akapiga simu, akaiweka sauti ya juu. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena.

— Mdogo wangu, niache, tunaingia majini! Upepo ulikuwa unavuma nyuma ya sauti yake.

— Dada, neno moja. Ukisema raundi, unahesabu wapi?

— Nikigusa ukuta.

— Ukuta upi?

— Ukuta wowote, jamani! Nikigusa, moja. Nikigusa, mbili.

Kinyozi akakaa chini, palepale sakafuni.

— Dada. Hiyo ni nusu. Hujawahi kuogelea umbali huo hata siku moja. Toka, nakuomba.

 Tukasikia firimbi, na watu wakishangilia. Kisha Sista, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kumsikia nayo:

— Mbona hukuniuliza mapema?

Simu ikakatika.

Alasiri ile hakuna aliyetafuta hoja. Kinyozi alipiga tena na tena, haipatikani. Mteja aliondoka na povu lake bila kudai. Mama Birika akaacha kumimina. Jua lilikuwa limeshuka kwenye paa la bwawa simu ilipoita: Sista yuko salama. Alikuwa ameingia majini, lakini kwanza alimwambia mwenye mashua ya uokoaji amfuate karibu. Alipopita katikati mikono ikawa mizito kama mawe, goti likakataa. Akainua mkono. Wakamvuta.

— Nililia ndani ya mashua, akamwambia mdogo wake. Usiwaambie wale.

Akatuambia.

Jumatatu Sista akapita na begi lake, nywele zikichuruzika. Tulimpisha nafasi, akakaa katikati yetu. Wakili, kwa kutaka kumpoza, akaanza kueleza kwamba kitaalamu nusu ya ziwa ni ndefu kuliko nusu ya bwawa. Kifaru akamrekebisha: inategemea mawimbi. Sista akawasikiliza mpaka wakamaliza, akinywa kahawa polepole.

— Hivi, akasema, kati yenu nyote hapa, nani anajua kuogelea?

Sote tukanyosha vikombe kwa Mama Birika, naye akalitikisa birika. Lilikuwa tupu.