Hinrich Brandes na Upande Wake wa Kushoto

Marehemu Hinrich Brandes alizaliwa tarehe 14 Machi 1948 mjini Uslar, mtoto wa pili wa mwoka mikate Albert na mkewe Meta. Alisoma shule hapohapo, kisha muziki Hannover. Kuanzia 1973 alifundisha Göttingen na kuongoza kwaya ya kanisa hili. Alikuwa mkali, jamani! Aliyechelewa mazoezini aliimba peke yake mbele ya wenzake.

Tarehe 7 Juni 1975 alimwoa Gesine, mwimbaji wa soprano, yaani sauti ya juu ya kike, wa safu ya mbele, aliyesimama kushoto kwake kila Jumapili.

Novemba 2012 alipatwa na kiharusi. Macho yalibaki mazima, ila ubongo ulipoteza nusu ya kushoto ya kila alichotazama. Aliinua mikono mbele ya kwaya, akawasikia soprano, asiwaone. Pale aliposimama Gesine hapakuwa na kitu, hata giza.

"Basi nihamie kulia," Gesine alimwambia.

"Soprano wahamie kulia? Labda nife kwanza."

"We mwanamume mkaidi wewe!"

Mwaka uliofuata, kliniki moja ilikuwa ikijaribu kuuamsha ubongo kwa umeme mdogo mno, bila kisu wala sindano. Walimvalisha kofia yenye nyaya, kisha akafanya mazoezi ya kutafuta vidoa vya mwanga kwenye kompyuta. Siku ya kwanza, akiwa amefumba macho, aliona mwanga ukimetameta.

"Mungu wangu, nani kawasha taa?"

Hakuna aliyewasha; ulikuwa ule umeme ukigusa ubongo. Daktari alimwonya asijipe matumaini makubwa: hata ubongo wa mzee hujifunza upya, lakini polepole, na haijulikani utafika wapi.

Miezi ilipita bure. Kisha, katika mazoezi ya Pasaka 2014, alikatiza wimbo ghafla. Wote wakadhani kuna aliyekosea.

"Gesine, hiyo skafu nyekundu umenunua lini?"

Wanakwaya wote wakamgeukia Gesine.

"Mwaka jana, bwana wee!" Gesine akajibu, akaangua kilio.

Daktari alikiri kwamba hawezi kuapa kama ni umeme au ni mazoezi. Kilichorudi kilikuwa kipande chembamba tu. Gesine alienea humo, na hilo linatushangaza hadi leo.

Moyo wa Hinrich ulidhoofika tangu kiangazi kilichopita. Tarehe 2 Februari 2024, Gesine aliketi kulia kwa kitanda ili kumrahisishia kumwona.

"Rudi mahali pako," Hinrich alimwambia.

Akahamia kushoto. Hinrich hakugeuza kichwa. "Hapo sawa," alisema, na hayo yakawa maneno yake ya mwisho.

Ameacha mjane, Gesine; watoto wawili, Insa na Thilo; na wajukuu watatu. Mungu ampe pumziko la amani. Kwaya imejipanga mbele ya jeneza lake, soprano wako kushoto, na hakuna aliyehama.