Greda la Eliamini

Kijiwe chetu kiko jirani na stendi ya Same, ubavuni mwa fundi pikipiki, mahali ambapo upepo hukutilia vumbi kwenye kahawa bila kuomba ruhusa. Wiki hii gumzo ni moja: Eliamini, mtoto wa Mama Dorkasi wa kule milimani Mamba, kateuliwa mkurugenzi wa sera za kodi Dodoma. Aliyefurahi kupita kiasi ni Vitus, tunayemwita Tangawizi. Mvua imekata barabara ya mlimani na tangawizi yake inaozea huko juu, magunia kwa magunia. Nami nilifurahi, nisiseme uongo. Mtu wetu kashika kodi ya nchi nzima, atakosaje greda moja?

Tangawizi: Kesho napanda basi la Dodoma. Namwambia, dogo, tuma greda! Mimi ndiye niliyempeleka kwenye mtihani wa la saba kwa baiskeli. Samaki mkunje angali mbichi. Nilimkunja miguu kwenye keria mpaka shuleni!

Hakimu (karani wa mahakama mstaafu): Baiskeli haimpi mtu cheo. Ni ubishi! Alianza afisa mdogo tu wa kodi pale Mwanga. Wakubwa wakataka kupandisha kodi ya soda, akabisha kutwa nzima mpaka wakaomba maji. Mpare si huuza ng'ombe ashinde kesi ya kuku?

Profesa (bodaboda): Mzee, acha fiksi. Jamaa ana mashine kichwani! Akitazama gunia tu, kodi yake anayo. Wazungu walikuja kumpima akili, kipimo kikapasuka. Penye miti hapana wajenzi!

Rashidi (muuza kahawa): Na kahawa aliyokuwa anakunywa hapa kila likizo mnaisahau?

Mara akashuka Mama Dorkasi kwenye bodaboda, matope mpaka magotini.

Wote: Shikamoo mama!

Mama Dorkasi: Marahaba, wanangu.

Tangawizi: Hongera, mama! Mwambie mwanao alete greda. Kodi zote ziko mkononi mwake!

Mama Dorkasi: Si zake, baba. Yeye anapanga tu zitozweje. Ila amefika jana. Saa hizi yuko pale barabara ilipokatika, anasomba mawe. Si msaragambo leo, kazi ya pamoja ya kijiji? Baragumu limelia tangu alfajiri, kila nyumba imetoa mtu na jembe. Mimi nimefuata sukari ya uji wao.

Akatuangalia mmoja mmoja.

Mama Dorkasi: Kaniambia nikiwakuta niwaulize. Mara ya mwisho mlikuja msaragambo lini?

Profesa akainamia tairi lake, ambalo halikuwa na tatizo lolote. Mimi nikatazama kikombe.

Hakimu: Naomba kesi iahirishwe.

Rashidi akainamisha birika. Kahawa ilikuwa imekwisha.

Tangawizi akasimama wa kwanza, akajikung'uta suruali.

Tangawizi: Profesa, washa pikipiki, twende. Ila jamani, nani ana jembe?